Theophil Mallya, Tangi la Kioo na Jina la Bushiri

Ndugu waombolezaji, mliopata pa kukaa na mliosimama hadi ngazini, kabla gari halijaondoka familia ya Mzee Melkiori Mallya inaomba utulivu wenu, ili mdogo wa marehemu, Wilbert, awasomee maisha ya kaka yake kama yalivyoandikwa na mjane, Euphrasia, na kama yalivyokuwa.

Ndugu Theophil Melkiori Mallya alizaliwa tarehe 4 Oktoba 1938 huko Kibosho, mkoani Kilimanjaro, akiwa mtoto wa tatu wa Mzee Melkiori na Mama Severa, katika nyumba ya wakulima wa kahawa na migomba, na kwa ushuhuda wa mama yake, ambaye yupo hapa, alikuwa mtoto wa kuchuchumaa kwenye mfereji akitazama majani yanavyoyumba ndani ya maji, wakati wenzake wameshachota na kufika nyumbani.

Alianza shule ya misheni mwaka 1947, akamaliza darasa la nane mwaka 1954, na ingawa aliongoza darasa kwa hesabu hakuendelea, kwa kuwa zamu ya karo ilikuwa ya kaka yake, jambo ambalo hakulinung'unikia wala hakulisahau.

Mwaka 1956 aliajiriwa kuwa karani wa mizani katika chama cha ushirika cha kahawa, tarehe 12 Februari 1961 akashuka Dar es Salaam, na mwaka 1964 akapata kazi ya utunza ghala katika ghala la mbolea pale Gerezani, kando ya reli, kazi aliyodumu nayo hata kampuni ilipofanywa mali ya umma baada ya Azimio la Arusha, na wenzake wa ghalani watakubali kwamba Theophil aliitambua mbolea kwa vidole, gunia likipasuka alijua lililomwagika ni lipi kabla hajasoma maandishi.

Tarehe 8 Januari 1966 alifunga ndoa takatifu Kibosho na Euphrasia, aliyekuwa amemaliza kidato cha nne, na Mungu akawajalia watoto wanne, Celina aliyezaliwa mwaka 1967, Onesphory mwaka 1969, Severa mwaka 1972 na Tarsis mwaka 1978, na kwa miaka mitano ya kwanza, wakiwa wamepanga chumba kimoja uani, walikula pamoja sahani moja kila jioni, na mke wake hakuwa na sababu ya kumwonea wivu mtu yeyote.

Mwezi Oktoba 1971 walipata kwa Msajili wa Majumba vyumba viwili vya ghorofani Mtaa wa Mkunguni, hapa tulipo, na ndani yake mpangaji aliyehamia ng'ambo alikuwa ameacha tangi la kioo la kufugia samaki, la ujazo wa madebe sita, kavu, limejaa vumbi na mende, na Euphrasia alitaka kulitumia kuhifadhia unga, lakini mume wake aliliosha kwa mikono yake mwenyewe, akaliweka kwenye dirisha linalopata jua la asubuhi, akalijaza mchanga na maji, na tangu siku hiyo nyumba hii ilikuwa na wake wawili.

Samaki na majani alivipata kwa Ndugu Bushiri Mwinyimvua, mwuza dawa za asili na chumvi katika soko la Kariakoo, mwenyeji wa mji huu, ambaye alikuwa akienda mabondeni kuchimba mizizi na kurudi na majani ya majini yaliyofungwa kwenye kanga mbichi, pamoja na visamaki vya madimbwi, vyekundu vyenye madoa ya buluu, vidogo kama kidole cha mwisho, na urafiki wao ulioanza mwaka 1973 ulikuwa wa kutaniana kila jioni, huyu akimwita mwenzake Mchaga mla ndizi, na yule akimjibu Mswahili mla pweza, huku wote wawili wameinamisha vichwa kwenye kioo kimoja na chai inapoa.

Majani yale mwanzoni yalioza, na hapo ndipo Theophil alipoingiza hesabu zake, akagundua kwamba majani ya majini nayo yana njaa kama mahindi, ila hulishwa kwa kipimo cha ndege, akaweka utaratibu ambao haukuwahi kuvunjwa hata siku ya ubatizo wa mtoto, kwamba Jumatatu, Jumatano na Ijumaa maji yatiwe kijiko kidogo cha shura, ile chumvi wanayohifadhia nyama, aliyoinunua kwa Bushiri, pamoja na chembe za potashi na fosfati zilizofagiliwa ghalani, Jumanne na Alhamisi yatiwe haluli kidogo, ile chumvi ya kuharishia, na kidonge cha madini ya chuma kilichoyeyushwa kwa ndimu, na Jumapili nusu ya maji itolewe na kuwekwa mapya, ili kilichozidi kisirundikane.

Mke wake, ambaye ndiye aliyepanda ngazi na ndoo za maji hayo mapya, aliuliza siku moja kwa nini visitiwe vyote siku moja mtu akapumzika, na Bushiri akamjibu akicheka, "Aa, shemeji, chuma na fosfati ni wake wenza hao, ukiwapikia siku moja watamwagiana uji, mwishowe wote wanalala chini na njaa," ndipo Euphrasia akauliza, "Na mimi nimepangiwa siku gani?" na wanaume wakacheka mpaka wakashika mbavu, ingawa yeye hakuwa ametania.

Ni haki kusema kwamba tangi lile lilipendeza, alasiri jua likizunguka majani yalitoa vipovu vyembamba kama soda iliyofunguliwa, majirani walileta wageni wao kulitazama, na maji yaliyotolewa Jumapili yalimwagiwa mchicha wa uani ukanenepa kuliko wa soko zima, lakini mwanamke anayepanga foleni ya sukari tangu alfajiri, na kurudi kukuta mume wake amepiga magoti anasema na jani, "Mbona umefifia, mama, umekosa nini?" hawezi kuambiwa afurahie vipovu, kwa sababu miaka mingi ilikuwa imepita tangu yeye mwenyewe aulizwe swali hilo.

Mwanzoni mwa mwaka 1978 Euphrasia alikuwa mjamzito wa Tarsis, na kliniki ikampa vidonge thelathini vya kuongeza damu, ila mwezi Machi alipovitoa kabatini alikuta kumi na kimoja wakati vilipaswa kubaki ishirini, na mume wake hakukana, alisema majani mapya yalikuwa yanatoka meupe, yana upungufu, na vidonge alivyokuwa akinunua dukani vimeadimika, na alipoulizwa, "Na mimi niliyeandikiwa?" akajibu kwa upole kabisa, "Mama Celina, wewe si unakula mchicha."

Siku tatu baadaye, Jumamosi tarehe 18 Machi 1978, Theophil akiwa kwenye mafunzo ya mgambo, Euphrasia alichukua kopo la SA, mbolea nyeupe inayofanana na sukari, iliyowekwa kwa ajili ya mchicha na ambayo mume wake alikuwa ameonya mara nyingi isisogezwe karibu na tangi kwa kuwa huchoma samaki, akatia vijiko vitatu, si vya chai bali vya kugawia mchuzi, akakoroga kwa mwiko mpaka ikayeyuka, akaosha mwiko, akaendelea kufua, na hakuna aliyemwona, na hakuna aliyemtuma.

Kesho yake, Jumapili ya Matawi, walirudi kanisani wakakuta samaki wote wanaelea, na Theophil alikaa mbele ya kioo na tawi lake la mnazi mkononi mpaka chakula kikalala, akipitia hesabu zake moja moja, na kwa kuwa Ijumaa alikuwa amefungua pakiti mpya ya shura kutoka kwa Bushiri, na kwa kuwa hakuwa mtu wa kumshuku mke wake, hesabu ikamwangukia rafiki.

Jumatatu asubuhi alikwenda sokoni, akaibwaga pakiti ile juu ya meza mbele ya wateja, akasema kwa sauti, "Umeniuzia nini wewe?" na Bushiri akajibu, "Shura, kama siku zote, kuna nini ndugu yangu?" na aliposikia habari ya samaki akachovya kidole, akalamba, akawaambia watu, "Mimi nawauzia dawa wajawazito na watoto wachanga, leo nimtilie mtu sumu kwa ajili ya kisamaki? Haya, nimelamba, nianguke," lakini mtu mmoja akachekesha umati kwa kusema, "Ngojeni kesho," na Theophil akaondoka akipaza sauti kwamba huyu ni mwuza sumu, na jina hilo, kama majina yote mabaya ya Kariakoo, halikuhitaji kubebwa, lilitembea lenyewe, na mpaka leo wapo hapa wanaomwita Bushiri Sumu bila kujua lilianzia wapi, na wapo wanawake walioacha kununua kwake tangu siku ile.

Euphrasia aliyasikia hayo akiwa jikoni, akanyamaza, na ukweli ni kwamba alifurahi, kwa kuwa kwa pigo moja alikuwa amewaondoa wawili, tangi na mgeni wa kila jioni, akapika ndizi kwa nyama akidhani sasa mume amerudi, lakini mtu akimwacha mwenzako haina maana amekuja kwako, Theophil alikula, akashukuru, akageuza kiti kulielekea tangi tupu, na kwa miaka iliyofuata hakupanda jani wala hakuonyesha mtu hesabu zake tena.

Euphrasia aliungama kwa padri Kwaresima ya mwaka 1980, akaambiwa kwamba Mungu amesikia, sasa amwendee mwenye jina, naye alikwenda hadi penye meza za viungo sokoni, akanunua bizari, akarudi.

Marehemu alianza kuugua figo mwezi Agosti 1982, akivimba miguu na kuchoka haraka, akatibiwa akitoka na kurudi, akalazwa tarehe 21 Novemba 1983, na akiwa kitandani alimwomba mke wake mara mbili, mwezi Desemba na tena tarehe 29 Januari mwaka huu, amwitie Bushiri, anataka kusema naye, na mara zote mbili alijibiwa, "Nimetuma mtu, amesafiri, yuko Bagamoyo," wakati Bushiri alikuwa mezani kwake, mwendo wa dakika kumi kwa miguu kutoka hapa, na hakuna mtu aliyetumwa, kwa sababu mke aliogopa kwamba wakikutana wataulizana kuhusu pakiti ile, na kwa sababu nyingine iliyo mbaya zaidi, kwamba saa zilizobaki zilikuwa chache na hakutaka kumgawia mtu.

Ndugu Theophil alifariki dunia Jumanne tarehe 7 Februari 1984, saa kumi alasiri, akiwa na umri wa miaka arobaini na mitano, bila kuonana na rafiki yake na bila kuujua ukweli.

Wazee wa ukoo waliposomewa haya jana walishauri yasemwe faraghani, mjane akakataa, kwa kuwa jina lililochafuliwa sokoni halisafishwi chumbani, na kwa hiyo mbele ya mwili wa marehemu, mbele ya mama yake, Mama Severa, watoto wake na watu wa Kariakoo, inatamkwa kwamba shura ya Mzee Bushiri Mwinyimvua ilikuwa safi, dawa zake ni safi, samaki wale waliuawa na mkono wa Euphrasia kwa wivu, na Theophil alikosea kwa kudanganywa, na atakayetoka hapa na kuendelea kumwita kwa lile jina la Sumu asiseme hakusikia.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia marehemu kwa dawa walizokuwa nazo na kwa maneno mazuri pale dawa zilipokosekana, wafanyakazi wenzake wa ghala waliotafuta mbao za jeneza na kibali cha mafuta, jumuiya na kwaya, na majirani wote wa Mtaa wa Mkunguni, hasa Bi Mgeni, mke wa Mzee Bushiri, ambaye tangu juzi yuko jikoni kwetu akisonga ugali, na ambaye leo hii anayasikia haya kwa mara ya kwanza akiwa na mwiko mkononi, tunamwomba radhi.

Mafuta yaliyopatikana ni ya gari moja, lenye nafasi za kuhesabu, na kwa mpango wa ukoo nafasi ya kichwani mwa jeneza ni ya mjane, lakini mjane ameiacha, atakaa nyuma pamoja na mizigo, na nafasi hiyo anapewa Mzee Bushiri, ili yale ambayo marehemu alitaka kumwambia, na yale ambayo yeye angemjibu, yapate mwendo wa kutwa nzima bila mtu wa kuyakatiza, na kama Mzee Bushiri ataona hawezi kuikalia, na ana haki hiyo, asibembelezwe na mtu, nafasi itakwenda tupu hadi Kibosho, hapandi mwingine.

Baba Celina, hakuna tena wa kukugombea, pumzika kwa amani.