Moyo wa Fundi Casimiro Orellana, 1961–2023

Casimiro Orellana Montaño alizaliwa tarehe 4 Machi 1961 katika kitongoji cha Molle Pampa, nje kidogo ya mji wa Aiquile, Bolivia, akiwa mtoto wa tatu wa Don Saturnino na Doña Petrona. Kwa kalenda ya kanisa siku hiyo ni ya Mtakatifu Casimiro, basi jina likapatikana bila ubishi. Nyumba ilikuwa ya matope, na kwenye nyufa zake waliishi vinchuca, wadudu wanaonyonya damu ya waliolala. Walimuuma kama walivyotuuma sote. Hakuna aliyejali.

Alisoma Aiquile hadi darasa la sita, mwaka 1973, kisha mjomba wake akamfundisha kuchonga charango, gitaa dogo la nyuzi kumi. Hakuwahi kuwa na kazi nyingine.

Tarehe 16 Agosti 1986 alifunga ndoa na Eduviges Camacho. Kabla ya hapo, charango ya kaka yake Eduviges ilikuwa ikibanduka gundi kila wiki mbili, na Casimiro akija mwenyewe kuitengeneza bure. Ilimchukua Eduviges miezi minane kugundua kwamba aliyekuwa akiibandua ni fundi huyohuyo.

Kuanzia 2018 alikuwa akihema kwa kupanda ngazi tatu tu za karakana. Zahanati wakamwambia ni uzee. Uzee, mtu wa miaka hamsini na saba! Miaka mitatu ikapotea hivyo, na inatuudhi hadi leo. Juni 2021, huko Cochabamba, Dokta Arancibia alimpima damu, akautazama moyo wake kwenye skrini, akakuta ugonjwa wa Chagas, ulioletwa na wale vinchuca wa utotoni.

“Don Casimiro, mwili wako umepigana na vijidudu hivi miaka hamsini,” alimwambia. “Vita vyenyewe ndivyo vimeuvimbisha moyo. Ukuta wa ndani umekwaruzika, na hapa nchani msuli umekonda, hausukumi tena. Damu ikifika hapa inazubaa, na huo uvimbe unaifanya igande upesi. Unaliona hili bonge? Likichomoka likaenda kwenye ubongo, basi tena.”

“Sasa nifanyeje, dokta?”

“Meza vidonge hivi, damu isigande. Usiruke hata siku moja.”

Alimeza miaka miwili. Lakini anayemeza dawa hizo akijikata, damu haikomi mapema, na mchongaji hakosi kujikata. Oktoba mwaka huu, maonyesho ya charango yakiwa yamekaribia, alijikata kidole gumba, akaichafua mbao nyeupe aliyoisugua wiki nzima.

“We Casi, umemeza?” Eduviges alimuuliza kila asubuhi.

“Nimemeza, mama. Unaniuliza kama mwalimu!”

“Nakuuliza kama mjane mtarajiwa.”

Hakuwa amemeza. Alhamisi tarehe 9 Novemba, wakinywa chai, kikombe kilimponyoka na mdomo ukaenda upande. Bonge lilikuwa limechomoka. Alifariki hospitalini Cochabamba Jumapili tarehe 12, saa nane mchana.

Jana Eduviges aliinua charango ya maonyesho, akaitikisa, ikalia kama kayamba. Tumboni mwake mlikuwa na vidonge ishirini na sita. Eduviges akakaa chini, akamtukana marehemu kwa majina yake yote matatu, kisha akalia. Nasi tumemkasirikia. Tunampenda na tumemkasirikia, na yasomwe hivyo hivyo.

Ameacha mke, Eduviges, watoto watatu, Nilda, Edgar na Rimer, wajukuu wanne, na dada, Hortensia, anayesoma haya. Watoto wote watatu walilala katika nyumba ileile ya matope hadi tetemeko la 1998 lilipoibomoa. Nilda alipima na anatibiwa. Edgar na Rimer, tangu 2021 wimbo wao ni mmoja: “Tutapima tu, shangazi, kwani tunaumwa?” Mama yenu amesema ni kesho, saa moja asubuhi, na atawangoja mlangoni akiwa amevaa viatu.

Casimiro alale salama, na wanawe wachelewe sana kumfuata.