Marehemu Kiwanja cha Kriketi cha Amberlow, 1791–2014

Ndugu waombolezaji, wenyeji wa Amberlow na wageni wetu, na ninyi mliojibanza kule langoni mkidhani siwaoni, mimi ni Lettice Quarmby, mpika chai wa kilabu, nimeteuliwa na familia niwasomee maisha ya mpendwa wetu, kiwanja hiki tunachokikanyaga, na nitasoma mbiombio, kwa kuwa yule bwana aliyeleta uzio ameanza kuitazama saa yake, nami sipendi anavyoitazama.

Marehemu alizaliwa Jumamosi, tarehe 4 Juni 1791, hapa hapa Amberlow, Sussex, siku mkulima Josiah Venn alipowahamisha kondoo wake kwa mchana mmoja tu, ili vijana wetu wacheze kriketi na wale wa kijiji jirani cha Fenny Cross, na baada ya hapo kondoo hawakurudi tena kama wenye mali, walirudi kama vibarua wa kukata majani. Hao ndio walimu wake wa kwanza, akaendelea na masomo kwa farasi wa kuvuta roli, lile gogo zito la chuma la kusawazisha ardhi, farasi aliyevalishwa viatu vya ngozi ili kwato zisimtoboe marehemu, ingawa tusidanganyane mbele ya kaburi, upande wa kanisani hakufuzu kamwe, una mteremko, na mpira ukifika pale hujiendea unakotaka.

Alifanya kazi kila Jumamosi, kuanzia Aprili hadi Septemba, na mwaka 1941, wakati wa vita, aliamriwa kuotesha viazi, akaotesha pembezoni kote, ila pale katikati, penye vijiti vya kriketi, mama zetu walijipanga na mafagio wakamwambia ofisa wa kilimo, "Baba, viazi tutakula, lakini hapa ukichimba utatuzika sisi kwanza." Tarehe 12 Mei 1888 alikuwa amefunga ndoa na banda la chai, samahani, nimeruka, hii ilipaswa kutangulia viazi, na ndoa yao ilidumu japo bibi harusi alivuja tangu siku ya kwanza, wakajaliwa watoto wengi, ndio ninyi mnaofuta kamasi hapo mbele.

Ugonjwa ulimpata Jumamosi, tarehe 14 Juni mwaka huu. Baraza la kijiji lilikuwa limeitisha mkutano wa wakazi wote, saa kumi na mbili jioni, katika ukumbi ule ng'ambo ya barabara, ili tuamue kwa kunyoosha mikono kama marehemu auzwe kwa wajenzi wa nyumba au abaki, na sisi wa kumbakiza tulikuwa wengi, tatizo ni kwamba nusu yetu walikuwa hapa kiwanjani, kwa maana mvua ya mchana ilichelewesha mechi na Fenny Cross, na mechi ilikuwa haijaisha. Nilikuwa ukumbini, nikamwona mwenyekiti anasafisha miwani, nikamwambia mzee Clement Yarwood, "Clement, kimbia ukawalete, anataka kuhesabu!"

Clement alikimbia, na magoti yake mnayajua. Aliingia kwa upande wa kanisani, nyuma kabisa ya mrushaji mpira, na mpwa wake Rufus, aliyeshika gongo, akainua mkono akapiga kelele, "Mjomba, simama hapo hapo! Unanizibia, sioni mpira!" Nasi sote tumelelewa hivyo, mtu hatembei nyuma ya mrushaji, hata nyumba yake ikiungua, kwa hiyo Clement alisimama. Mimi namwona kupitia dirisha la ukumbi, amesimama wima, kofia mkononi, midomo inacheza, baadaye akaniambia alikuwa akisema "njooni mpige kura" kwa sauti ya chini, maana mrushaji alikuwa ameshaanza kukimbia.

"Tumalize duru hii tu, mjomba!" Rufus akamwambia. Wakamaliza hiyo, wakaanza nyingine. Waliingia ukumbini wanatoka jasho, Rufus amebebwa mabegani, wanaimba, "Tumeshinda! Tumeshinda!", wakati mikono imeshahesabiwa, wa kuuza wameshinda, na sisi tunapanga viti ukutani, na nilitamani kumpiga na birika, na bado natamani, Rufus, mwanangu, usijifiche nyuma ya mkeo.

Baada ya hapo hali yake ilizidi kuwa mbaya, hadi Jumatatu, tarehe 22 Septemba, uzio uliposimamishwa, akafariki.

Familia inamshukuru Ambrose Tilley, aliyemtibu kwa udongo wa mfinyanzi na roli hadi jana, wakati wote tukimwambia haina maana, na Bi Pell, jirani, aliyerudisha mipira yetu yote kutoka katika kibanda chake cha kioo, kila mmoja pamoja na matusi yake, na ndugu zetu wa Fenny Cross, mlioshindwa siku ile na leo mmekuja kofia mkononi, mngetushinda mapema tungekuwa na kiwanja. Nawe mzee Clement, nyanyua uso, hakuna mtu hapa ambaye asingesimama.

Nimeambiwa nimalize. Matingatinga yanaingia kesho saa mbili asubuhi, basi mpendwa wetu, pumzika kwa amani usiku wa leo.