Mwalimu Regina Anatoli na Jibu la Posa

Ndugu, majirani na wakwe zetu mliopanda boti asubuhi hii kuja Mwamgongo, mimi ni Telesphory, mdogo wa mwisho wa marehemu. Ninasoma maisha yake kwa sababu aliniteua mwenyewe, na mnajua kwamba dada Regina akishakupa kazi hakukuwa na kukata rufaa.

Marehemu Regina Anatoli alizaliwa tarehe 9 Septemba 1961 hapahapa Mwamgongo, mtoto wa pili kati ya watano wa mzee Anatoli, mvuvi na mkulima wa mihogo, na mama yetu, ambao wote wametutangulia. Mama alizoea kutusimulia kuwa mtoto huyo alizaliwa miguu ikitokeza nje ya khanga. Urefu kwetu ulikuwa sifa. Mikono mirefu, vidole virefu, viungo vinavyopinda kama vya mtoto mchanga; baba alijivunia vitu hivyo kuliko mtumbwi wake, na hakuna aliyewahi kujiuliza kwa nini warefu wetu wengi hawafiki uzee.

Alianza darasa la kwanza hapa kijijini mwaka 1969 na kumaliza la saba mwaka 1975. Kisha alisomea ualimu Kasulu. Alifundisha Mwamgongo kuanzia mwaka 1980, na mwaka 1987 alihamia shule ya msingi Kasingirima, Kigoma mjini, alikofundisha darasa la kwanza hadi alipostaafu mwaka 2021. Mwalimu mkuu mmoja aliwahi kumwandikia barua rasmi kumwomba asiandike juu kabisa ya ubao, kwa kuwa walimu wenzake walishindwa kufuta. Dada aliisoma barua, akacheka, akaendelea kuandika hukohuko juu. Alisema watoto wanapaswa kuinua vichwa.

Mwaka 1985 alifunga ndoa na Nehemia, fundi wa injini za boti kutoka Rusimbi. Shemeji Nehemia, utanisamehe, lakini ukweli usemwe: siku ya harusi mpiga picha alimsimamisha bwana harusi juu ya kreti la soda, wakalifunika kwa gauni la bibi harusi. Picha ile iko sebuleni Rusimbi hadi leo. Wageni wakiisifu, Nehemia alikuwa anasema, "Siku ile nilipanda cheo," naye dada anamjibu, "Na hujashuka." Mungu aliwajalia watoto wawili, Leonardi na Happiness.

Sasa nifike kwenye ugonjwa. Dada aliniambia, akiwa kitandani, "Mdogo wangu, usije ukaniandikia kwamba niliugua kwa muda mfupi. Nimeugua tangu tumboni mwa mama. Utaje ugonjwa kwa jina lake." Basi nautaja. Unaitwa Marfan. Ni kasoro ya kurithi, wachache sana wanazaliwa nayo, inayolegeza nyama zinazoushikilia mwili. Ndiyo inayotupa urefu huu tuliokuwa tukijivunia. Lakini inalegeza pia mshipa mkuu wa damu unaotoka kwenye moyo. Mshipa unatanuka kimyakimya, na kama hakuna aliyeugundua mapema, siku moja unachanika.

Ulitusumbua vizazi vingi bila kujulikana, na sababu ni sisi wenyewe. Kwetu, kijana akitaka kuoa, upande wake humtuma mshenga aulizie ukoo wa binti: kuna kifafa, kuna wazimu, kuna watu wanaokufa hovyo? Kila ukoo una jibu lake la kuwapa washenga, na watoto tunafundishwa jibu hilo kabla ya kusoma na kuandika. Letu lilikuwa, "Hatuna ugonjwa wowote, babu alizama ziwani." Babu hakuzama. Alishika mgongo, akaanguka ndani ya mtumbwi, na wenzake walimrudisha nyumbani akiwa na nguo kavu. Baba yetu alikuwa kijana ndani ya mtumbwi huohuo.

Mwaka 2008 kaka yetu Yona, akiwa na miaka thelathini na mmoja, alishikwa na maumivu ya kifua. Daktari aliyempokea aliuliza vizuri kabisa: kuna mtu katika familia aliyewahi kuugua moyo au kufa ghafla? Baba alijibu alichojibu maisha yake yote. Yona akapewa dawa za vidonda vya tumbo, na wiki hiyohiyo tukamzika hapa pembeni, karibu na kaburi lililochimbwa leo. Simlaumu daktari, wala simlaumu baba. Mzee hakudhani anamdanganya mtu. Swali lile alikuwa hajawahi kuulizwa na mtu mwingine zaidi ya mshenga.

Mwaka 2015 ilikuwa zamu ya Happiness. Moyo ulimwenda mbio hadi akashindwa kupanda ngazi. Madaktari bingwa walikuwa wamekuja Kigoma kwa wiki moja, na dada akampeleka. Aliyewapokea ni Daktari Shadia, bingwa wa moyo, ambaye yuko nasi hapa. Dada alikuwa akisimulia kwamba daktari alimtazama mama zaidi kuliko mgonjwa. Alimwomba anyooshe mikono. Akamuuliza kama kuna aliyewahi kufa ghafla kwao.

"Hapana, daktari," dada akasema. "Babu alizama ziwani."

Daktari Shadia akaweka kalamu chini. "Mama, mimi ni mtoto wa Ujiji. Hilo ni jibu la posa, kwetu pia tunalo. Hapa hakuna mshenga."

Alikosea kidogo. Mshenga alikuwepo. Alikuwa anatarajiwa Rusimbi Jumapili ile, kwa ajili ya Happiness huyohuyo, na khanga za wageni zilikwishanunuliwa. Dada alijua kwamba akisema kweli mbele ya wauguzi, habari itamtangulia kufika nyumbani. Hata hivyo akasema, "Babu hakuzama," na akaeleza yote, ya babu, ya Yona, na ya shangazi wawili ambao hata mimi sikuwa nimewahi kusikia vifo vyao vikitajwa.

"Mama, na Jumapili?" Happiness akauliza.

"Jumapili nitasema hivihivi. Siwezi kuwa na majibu mawili."

Jumapili akasema hivyohivyo. Wageni walikunywa chai yao, wakashukuru, wakaondoka, hawakurudi tena. Happiness hakumsamehe mama yake haraka, na sitawaficha kwamba nyumba ile ilikuwa nzito kwa miezi. Lakini kipimo kilionyesha mshipa wake umetanuka mno. Mwaka uliofuata alifanyiwa upasuaji Dar es Salaam. Alipozinduka, neno lake la kwanza lilikuwa kumuulizia mama, na dada aliyekuwa nje mlangoni aliingia huku viatu akiwa ameviacha kwenye benchi. Mwaka 2019 Happiness aliolewa na Eliakimu, aliyeambiwa kila kitu kabla hajatuma mtu.

Tangu hapo dada hakutulia. Alipanda boti kuja huku na kupita nyumba za ukoo moja moja akiwahimiza watu wakapimwe. Baba mdogo mmoja alimfukuza uani: "Unatuchafulia ukoo, nani atakuja kuoa kwetu?" Dada alirudi wiki iliyofuata na kilo ya sukari. Na kila mwaka Daktari Shadia alipokutana na madaktari vijana wa mkoa, alimwita. Dada alisimama mbele yao, akanyoosha ile mikono, akawaruhusu wamguse vidole, wamsikilize moyo, wampime. Kisha akawaambia, "Wanangu, msituulize kama tuna ugonjwa kwenye ukoo. Tutawajibu kama washenga. Tuulizeni nani alikuwa mrefu, na alikufaje, na nani alimwona akifa." Daktari Shadia ametueleza kuwa mmoja wa vijana hao alimtambua kwa maswali hayo mtoto wa shule pale Ujiji, ambaye si ndugu yetu, mshipa wake ukiwa bado haujaharibika. Dada alipoambiwa habari hiyo alilia hadi akaomba apewe maji.

Mshipa wake mwenyewe ulichelewa kugunduliwa, na madaktari waliona upasuaji ungekuwa wa hatari kwake kuliko dawa. Dawa zilimpa miaka kumi. Mwaka huu nguvu zilimpungua, na binti yangu Leokadia alihamia Rusimbi kumuuguza shangazi yake. Alimwogesha, alimsomea, na waligombana kuhusu chumvi kila siku. Dada alifariki alfajiri ya Alhamisi, tarehe 12 Juni 2025, akiwa na umri wa miaka sitini na mitatu, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa Nehemia. Shemeji, tunakushukuru. Ulimpenda dada yetu vizuri.

Marehemu ameacha mume, Nehemia. Watoto wawili, Leonardi na Happiness. Mkwe wake Eliakimu. Wajukuu wanne, ambao wote wamepimwa. Mimi mdogo wake na ndugu zetu wengine. Na wanafunzi wengi kuliko tunavyoweza kuwataja.

Amewaacha pia ninyi, wageni wetu wa Mwandiga, mlioketi kule upande wa kulia. Mwezi wa nne mlimtuma mshenga kwangu kwa ajili ya Leokadia, akauliza kama ukoo huu una ugonjwa. Nilimwambia tutawajibu. Leokadia ameniomba nijibu leo, mbele ya shangazi yake. Ndiyo, upo. Leokadia anao. Uligunduliwa mapema, anameza dawa zake, na huyo hapo amesimama, mrefu kama mnavyomwona. Mkitaka kuja Jumapili, mtatukuta nyumbani. Mkiamua vingine, tunawashukuru kwa kuja kutuzikia.

Mungu ampe dada Regina pumziko jema.