Bati Lililotoka Msumbiji

Juzi upepo ulitupiga Newala, ukang'oa mikorosho na kuezua nyumba mtaa wa chini. Asubuhi yake tukakuta bati zima, la geji nzito, limelala juu ya benchi letu karibu na soko. Hapo nauza kahawa mimi, Mujibu, na jua la pale linanijua utosi. Kabla mji haujachangamka tukawa tumelipigilia juu ya miti minne, kivuli safi. Kilichobaki ni kupata sababu ya bati hilo kutokuwa na mwenyewe. Kamati ilikuwa ya watu watatu: mimi, mzee Swalehe, tunayemwita Hali ya Hewa kwa ajili ya redio yake, na Ambrosi, au Fundi Nusu, ambaye hajawahi kuimaliza nyumba ya mtu.

Fundi Nusu: Watu wanapita wanatazama juu.

Mimi: Waache. Kutazama si kudai. Asiyekuwapo na lake halipo.

Hali ya Hewa: Nyie hamjui upepo unavyojitengeneza. Bahari ikipata joto, mvuke unapanda kama kwenye birika la Mujibu. Chini panabaki upungufu, hewa ya pembeni inakuja mbio kujaza, inaanza kuzunguka. Ndicho kimbunga hicho.

Fundi Nusu: Bahari iko Mtwara, mzee. Sisi huku juu hata maji ya kunywa tunayatafuta kwa ndoo.

Hali ya Hewa: Ndiyo maana kilifika na hasira. Wewe ungepanda mlima huu usingekasirika?

Mimi: Kwa hiyo bati limetoka mbali?

Hali ya Hewa: Mbali mno. Kisayansi, Tandahimba.

Mimi: Tandahimba kila mtu hapa ana shemeji. Sogeza kidogo.

Hali ya Hewa: Basi ng'ambo ya Ruvuma. Msumbiji.

Fundi Nusu: Hapo sasa. Mimi nimefanya kazi Mueda, kulekule ng'ambo, na hili ni bati la Kireno. Angalia migongo yake ilivyokaa.

Hali ya Hewa: Upepo ukipita juu ya paa unalivuta, na ule wa chini ya dari unalisukuma. Paa linaondoka lenyewe.

Fundi Nusu: Yaani fundi hana kosa?

Hali ya Hewa: Hata kidogo.

Fundi Nusu: Hata kama misumari aliibania kidogo?

Hali ya Hewa: Katikati ya kimbunga kuna jicho. Jicho kazi yake kuona. Limepita hapa, limemwona Mujibu anaungua, likamhurumia.

Mimi: Ndiyo wahenga wakasema, mgeni njoo, mwenyeji apone.

Tulikuwa tunacheka hivyo alipotokea Bibiana, Mama Dorika wa mtaa wa chini, na ndoo tupu mkononi. Yeye kijiweni kwetu huwa hasimami.

— Shikamoo, Baba Hamudi.

— Marahaba, Mama Dorika, alijibu Hali ya Hewa. Poleni na upepo.

— Tumeshapoa. Ila mvua yote ile, kisima changu cha maji ya mvua hakikupata hata kopo. Upande wa paa unaomwaga kwenye gata ndio ulioezuliwa. Watoto wamelala wamelowa, na asubuhi hatuna maji ya kunywa.

Akatazama juu. Hakutazama kwa haraka.

— Nimewasikia tangu pale kwa muuza ndizi. Kumbe upepo unaweza kutoa bati Msumbiji?

— Kisayansi, inawezekana, alisema Hali ya Hewa, sauti imeshuka.

— Ukalishusha palepale penye shida?

Mimi nikasema jicho linaona. Nilikasirika, sifichi, maana nilishajua anakokwenda.

— Basi naomba kuuliza. Upepo huohuo ukirudi, ukalitoa hapa ukalishusha juu ya nyumba yangu, nani kati yenu atakuja kusema ni lake?

Hali ya Hewa akaanza kutafuta stesheni. Ambrosi akachungulia kikombe ambacho alishakimaliza zamani. Mimi nikaanza kulifuta birika, aibu imenishika.

Mama Dorika akaketi mwisho wa benchi, ndoo miguuni. Akasema hana haraka, nimpe kahawa, anausubiri huo upepo.

Nikammiminia. Ambrosi akalitazama bati, akainuka kwenda kutafuta nyundo.