Risala ya Wafanyakazi wa Chumba cha Kanda, Siku ya Kuzinduliwa kwa Kabati Tupu

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Mkurugenzi Mkuu wa televisheni yetu, wakuu wa idara, nanyi wenzetu mliofuata soda,

Karibu

Sisi wafanyakazi wa chumba cha kanda tunakukaribisha kwa moyo mkunjufu huku chini, ambako hujawahi kufika tangu uteuliwe, mwaka wa sita huu. Pole na ngazi. Leo unatuzindulia kabati la DVD za michezo ya kuigiza ya zamani. Ni kabati zuri, lina vioo na taa. DVD halina hata moja, na ndiyo maana risala yetu ni ndefu kuliko utepe.

Tulikotoka

Mchezo wa Mlango wa Tatu ulikuwa na sehemu ishirini na sita, na ukianza, mitaa ilikuwa kimya. Hadi leo watu wanatusimamisha sokoni: "Jamani, Mlango wa Tatu mnautoa lini?" Tunajibu, "Karibuni." Tumelisema neno hilo mpaka tunaona haya kwenda sokoni.

Tulichoweza

Kanda zilikuwa na ukungu, tukazisafisha kwa pamba, moja baada ya nyingine. Sehemu ya tisa ilikuwa imefutwa ili irekodiwe mechi ya mpira, tena ya kirafiki, tena suluhu bila bao! Sehemu hiyo tuliipata kwa mwalimu mstaafu aliyeirekodi nyumbani, kamera ikiwa imeelekezwa kwenye televisheni yake. Mkewe anasikika mara tatu akimwita kula. Tumemwacha. Mwenye wimbo wa mwanzo, ambao fundi wetu wa enzi hizo aliuchukua bila hodi, ametusamehe. Warithi wa aliyeigiza mwenye nyumba hawasemezani, hivyo kila mmoja alisaini katika chumba chake.

Kinachotukwamisha

Mwanasheria wetu anataka saini za waigizaji wote thelathini na wawili. Tunazo thelathini na moja. Imebaki ya yule mtoto aliyeitwa Kikojozi, ambaye kila sehemu alipita uani na godoro kichwani akienda kulianika, nchi nzima ikicheka. Mtoto huyo amekua, Mungu amemjalia, ana ofisi kubwa na gari lenye pazia. Fomu tumempelekea mara kumi na moja. Hurudi na muhuri: "Linashughulikiwa." Muhuri huo unaufahamu, Mheshimiwa, maana ni wa ofisi yako. Jina lake tunalihifadhi kwa heshima ya meza kuu. Wahenga walisema usisahau ubaharia kwa sababu ya unahodha. Walisema wao, sisi tumenyamaza.

Ombi

Hatuombi posho, wala feni, ingawa feni tunaihitaji. Tunaomba saini moja. Bibi aliyeketi mstari wa mbele, uliyempa mkono ukasema "shikamoo bibi" ukapita, ndiye aliyeigiza mama wa mtoto yule. Macho yake yanafifia. Daktari amesema mwaka huu hauishi kabla hayajazima kabisa. Anataka kujiona akiwa kijana, huku ameketi na wajukuu wake wanaodhani anawatungia hadithi. Tulipomsomea rasimu ya risala hii jana alitugombeza, akasema tumeandika kwa hasira, tuongeze maneno yake. Nayo ni haya:

"Mwambieni mwanangu lile godoro lilikuwa na maji ya bomba. Nililimwagia mimi, kila siku ya kurekodi, naye akilia kwamba hataki. Nilimlazimisha, na nitalisema mbele ya yeyote. Asaini tu, nimwone tena alivyokuwa, wakati bado naona."

Fomu iko hapo mezani, Mheshimiwa, chini ya mkasi wa utepe. Kalamu anayo bibi.

Mungu akupe afya, akuongezee vyeo, na leo akujalie mkono mwepesi.

Ni sisi,
Wafanyakazi wa Chumba cha Kanda