Programu ya Hesabu na Jicho la Bi Zuwena

Bwana na apewe sifa na kila mwenye pumzi! Nawasalimu ndugu zangu wa kanisani, na nyinyi msio wa kanisani mtakaosomewa karatasi hii, maana nawajua akina mama wa Jang'ombe, mmoja akisoma kumi wanasikiliza.

Kwanza niwataje waliokuwepo siku ile ya kuchagua programu, msije mkasema bibi katunga. Nilikuwepo mimi, Sesilia, mjane wa marehemu Anton fundi rangi. Alikuwepo binti yangu Yusta, aliyekuwa akifanya kazi Dar es Salaam, na ndiye aliyeniletea kompyuta kwa boti. Alikuwepo Hilali, mwenye duka la kompyuta pale Malindi, ambaye mama yake, marehemu Bi Mwanakombo, nilimshonea nguo ya harusi kwa mikono yangu hii. Na nje ya mlango, juu ya kibaraza, alikuwa amekaa shoga yangu Bi Zuwena, mshonaji wa kofia. Yeye hakuingia kwa sababu mwanga wa kioo cha kompyuta ulimuumiza macho. Tulikuwa hao tu, na wote wangali hai. Waulizeni.

Ndugu zangu, mimi nilisoma mpaka darasa la nne. Kazi yangu ilikuwa kushona mashuka, mapazia na foronya. Nilianza na gesti za Mji Mkongwe, kisha watalii walipozidi nikapata hoteli mbili za Matemwe. Nilikuwa peke yangu, sina msaidizi. Bi Zuwena nilijuana naye Darajani, kwenye duka la nyuzi, sote tukigombea uzi mweupe uliobaki. Kwao walikuwa na mashamba ya karafuu zamani. Yeye alibakiwa na chumba cha ghorofani huko Malindi na sindano. Mimi wazee wangu walitoka bara kuja kuchuma karafuu hizo hizo. Hatukuwahi kuulizana hayo. Aliniachia ule uzi, ndiyo urafiki ukaanza.

Sasa, sisi wanawake tulikuwa na upatu wetu. Kila Ijumaa kila mmoja analeta fungu lake, na mwezi ukiisha, mmoja wetu anazoa zote. Mimi ndiye niliyekuwa kijumbe, yaani mkusanyaji na mtunzaji. Nilikuwa na kifuko cha kitambaa cha kijani, pesa za upatu zikilala humo, na pesa za ushonaji zikilala kwengine. Hazikuwahi kukutana, hata siku moja!

Basi zile hoteli za Matemwe zikaanza kudai ankara zilizopigwa chapa. Karatasi zangu za mkono hazikutakiwa tena. Hapo ndipo Yusta akaleta kompyuta, na hapo ndipo tukaenda kwa Hilali kuchagua programu ya hesabu.

"Shikamoo, Bi Sesilia."

"Marahaba, mwanangu. Nataka programu ya hesabu iliyo nzuri kuliko zote."

"Nzuri inategemea biashara yako ikoje. Una wafanyakazi?"

"Mie na cherehani yangu."

"Na cherehani haijadai mshahara," akadakia Yusta, tukacheka sote.

Hilali akanionyesha mbili. Ya kwanza ilikuwa ndogo, unaandika kilichoingia na kilichotoka, na ankara yake nyeupe haina pambo. Ya pili ilikuwa kubwa. Ina kurasa za ghala, za mishahara, za matawi ya biashara, na ankara yake inatoka na maua pembeni, na jina lako juu kwa herufi nene.

"Hii ndogo inakutosha, bibi," akaniambia. "Hiyo kubwa ni ya makampuni. Utakuwa kama mtu mmoja kapanga jumba zima."

"Nani kakwambia nitabaki mtu mmoja?" nikamjibu. Ndugu zangu, majivuno! Nilishaona wenzangu wa kwaya wakiishika ile ankara ya maua.

Kijana hakubishana na mkubwa wake. Lakini kabla hajaniwekea ile kubwa aliniuliza jambo moja, tena kwa adabu. "Bi Sesilia, pesa zote zitakazopita mkononi mwako ni zako? Au zipo na za watu?"

Nikasema, "Zangu. Za nani tena?"

Kwa nini nilisema vile? Nimejiuliza miaka mingi. Sikutaka kumwibia mtu. Niliona haya tu. Mbele ya kompyuta ile, na kijana yule aliyevaa tai, nikaona upatu ni jambo la uwani, la wanawake na kanga zao, si la kutajwa dukani. Yusta alijua nacheza upatu, hakujua kwamba mimi ndiye kijumbe. Bi Zuwena pale kibarazani alisikia. Baadaye aliniambia alinyamaza kwa kuwa alidhani huenda ndivyo watu wanavyozungumza na kompyuta.

Yusta akanifundisha kwa subira. Kila pesa inayoingia, andika. Kila pesa, peleka benki, ili hesabu ya benki na ya kompyuta zilingane. Nami nikatii, nikatii kupita kiasi! Nikakiacha kile kifuko cha kijani, pesa za upatu nikazipeleka benki pamoja na zangu, nikaziandika pamoja na zangu. Kisha Yusta akarudi Dar es Salaam.

Programu ikanambia nina faida. Nilikuwa nakaa mbele yake asubuhi baada ya sala, natazama ile tarakimu, inapanda Ijumaa hadi Ijumaa. Msinicheke, ndugu zangu. Nilijua upatu umo. Lakini nilidhani kompyuta imeshautoa. Nilisema moyoni, kitu kinachojua kuandika jina langu kwa maua, kitashindwa kujua pesa za Bi Zuwena? Nilikitaka kijue jambo ambalo mimi mwenyewe sikukiambia.

Kwa faida ile nikanunua cherehani ya umeme ya kutarizi. Nililipa taslimu. Fungu la mwisho la mwezi ule lilipoingia, zamu ilikuwa ya Bi Zuwena.

Na zamu yake hakuiomba kwa ajili ya vyombo wala nguo. Macho yake yalikuwa na presha. Alikuwa akiona taa ina duara la rangi kama upinde wa mvua, kichwa kikimpasuka. Daktari wa hapa alimwambia aende Dar es Salaam akapasuliwe, na asichelewe. Yeye mwenyewe alinihadithia neno hilo, asichelewe. Nililisikia kwa masikio yangu.

Nilipokwenda benki kuzitoa, hazikutimia hata nusu. Nikawaza, hoteli zitalipa wiki hii. Lakini masika yalishaingia. Nyinyi wa Unguja mnajua mvua za masika, hoteli za Matemwe zinafunga milango, wageni hakuna, na wenyewe wamekwenda kwao. Ankara zangu za maua zilikuwa zimelala kwenye meza isiyo na mtu.

Bi Zuwena akaja na mwavuli wake.

"Sesilia, nshafunga mzigo. Boti ya Jumatatu."

Nikamwambia, "Shoga, ngoja kidogo. Kuna wenzetu hawajaleta."

Huo ndio uongo wangu. Wenzetu walileta wote! Bi Mashavu, muuza maandazi, alileta kwenye mvua, kanga imelowa mpaka magotini.

"Basi wasiharakishwe," akasema Bi Zuwena. "Mvua hii, kila mtu ana yake." Akafungua mzigo wake.

Nilimngojesha mpaka masika yakaisha. Kila alipopita kwangu alikuwa anauliza habari ya watoto, hakuuliza pesa. Ndugu zangu, afadhali angenitukana! Kanisani nilikuwa nafungua kinywa kuimba, sauti haitoki. Mchungaji akidhani nina mafua. Nikipiga magoti kusema "Baba yetu", namwona Bi Zuwena akipapasa ngazi.

Hapo Bwana akanigusa. Wala hakuja na radi. Jumapili moja, katikati ya maombi, nikaona wazi kwamba sitaki msamaha, nataka pesa zipatikane kabla hajajua. Nilikuwa naomba muujiza wa kuficha! Nikasimama, nikatoka kabla ya baraka, nikaenda nyumbani, nikaita mafundi wenzangu waje waitazame ile cherehani ya kutarizi. Ilinunuliwa kwa bei ya hasara. Yusta nikampigia simu, nikamwambia kweli yote, naye akatuma kilichopungua bila neno la lawama. Nikachukua pesa, nikaenda Malindi, nikapanda zile ngazi.

"Bi Zuwena," nikamwambia, "hakuna aliyechelewesha ila mimi. Wote walileta. Nilizila bila ya kujua, kisha nikajua, nikakudanganya."

Alizipokea. Akazihesabu kwa vidole, maana kwa macho hakuweza tena. Kisha akasema, "Nifungie mzigo, mie sioni mafundo."

Nikamfungia. Nikaenda naye bandarini, nikapanda naye boti, nikamlaza kwa Yusta. Daktari wa kule akampasua. Jicho la kulia likaokoka. La kushoto, akasema, limechelewa.

Tuliporudi nikawaita wanawake wote wa upatu uwani kwangu, nikawaeleza. Nisiwafiche, nilisemwa! Bi Mashavu alisimama mikono kiunoni.

"Shoga yangu wee, kompyuta! Basi na ikutilie uzi sindanoni. Sie tumelowa na mvua, umetusingizia hatukuleta!"

"Kweli, Bi Mashavu," nikasema.

"Tutafute kijumbe mwengine!" Wakaitikia wote. Wakaanza kutaja majina.

Bi Zuwena alikuwa amekaa mkekani, kitambaa bado kimefunika jicho. Akafungua pindo la kanga, akatoa fungu lake la Ijumaa ile, akaninyooshea.

"Nnampa huyu huyu," akasema. "Huyo mwengine simjui atakosea wapi. Sesilia nshajua."

Wakacheka, hata Bi Mashavu akacheka, kwa shingo upande. Mimi sikucheka. Nililia mpaka nikashindwa kufunga mkono. Ndugu zangu, nimebatizwa mtoto, nimepewa kipaimara, lakini neema niliijua siku ile, kwa mkono wa mwanamke wa Kiislamu mwenye jicho moja. Jumapili yake niliimba.

Nikarudi kwa Hilali. Safari hii nikasema mlangoni, kabla ya shikamoo kuisha, "Mwanangu, nilikudanganya. Mie ni kijumbe. Pesa zipo zangu na zipo za watu."

Akanitazama, akashika kichwa. "Bibi, ungenambia! Hata marehemu mama alikuwa kijumbe. Mahali pake papo." Akabonyeza, akafungua ukurasa, akaandika juu yake: Amana. Mahali hapo palikuwemo katika ile kubwa na palikuwemo katika ile ndogo, tangu siku ya kwanza. Nilichukua ile ndogo. Ankara zake nyeupe hoteli zilizipokea bila kunung'unika.

Kwa hiyo wewe mwenye kibiashara chako cha mtu mmoja, unayetaka kuchagua programu, usiulize kwanza yenyewe ina nini. Mwambie muuzaji wewe una nini, pamoja na lile unaloliona aibu. Na kama umeshakosea, usimwombe Mungu akufichie. Mwombe akupe miguu ya kupanda ngazi. Mtegemee, atakupa. Mimi alinipa, ingawa nilichelewa.

Bi Zuwena sasa tunazeeka pamoja. Tukitoka, nakaa upande wake wa kushoto, nimwambie panapo shimo. Kofia hashoni tena.

Kama nimekosea jina la mtu au nimemsahau aliyekuwepo, nisahihisheni, sitachukia. Liko moja hasa. Bi Zuwena hupenda kusema kwamba lile jicho lilikuwa limeshakufa kabla ya zamu yake, hata angekwenda Jumatatu ile. Hulisema kila ninapolia. Kama yupo kati yenu ajuaye hakika, aje anisahihishe. Lakini aje na kweli, asije kunipoza.