Mzee Clement Ipyana Kibona na Jeshi Lake la Dirishani

Ndugu waombolezaji, Mzee Clement Ipyana Kibona alizaliwa Mbebe, wilayani Ileje, tarehe 9 Aprili 1949, mtoto wa pili wa marehemu Mzee Ipyana Kibona na marehemu Bibi Rozi.

Alisoma Isongole hadi mwaka 1965. Nafasi ya kuendelea ilipokosekana, alikwenda Tunduma kwa mjomba wake kujifunza kulehemu. Kuanzia mwaka 1970 hadi 2009 alikuwa fundi wa rejeta za malori karibu na mpaka, na madereva wa nchi tatu walimfahamu.

Tarehe 18 Desemba 1976 alifunga ndoa na Ruti, aliyebaki naye hadi pumzi ya mwisho. Mungu aliwajalia watoto watatu.

Mwaka 1978 dereva mmoja Mzambia alileta rejeta iliyotoboka, pamoja na askari mdogo wa madini ya risasi aliyekatika mguu, kitu cha kuchezea cha watoto wa walowezi walioondoka Mbala.

“Bamulamu,” alimtania, yaani shemeji, “na huyu rejeta yake inavuja.”

Mzee aliulehemu mguu ule, na dereva akamwachia askari huyo. Tangu hapo madereva walimletea askari wengine, bunduki ndogo kama kijiti cha kiberiti na mizinga ya kukaa kiganjani, vyote vikiwa vimetengenezwa Ulaya miaka ya Vita Kuu ya Kwanza. Alivisafisha, akaviunga, akavipaka rangi. Lakini katika jeshi lote lile hakuona mpagazi hata mmoja, ilhali babu yake alichukuliwa kubeba masanduku katika vita hivyo, hakurudi, na kaburi lake halijulikani. Basi Mzee aliwatengeneza wapagazi mwenyewe, kwa mabaki ya risasi ya kulehemia.

Alipostaafu alirudi Mbebe kulima kahawa. Mwaka 2011 aliwatoa askari sandukuni mwao, akawapanga dirishani ili rangi ikauke, nyuso zikielekea shambani. Mwaka huo kahawa yake ilizaa kuliko ya majirani. Haikupita wiki, kijiji kizima kilikuwa kinasema kwamba Mzee Kibona anafuga misukule, na usiku inamlimia. Wapo waliotaka ahame, na kanisani benchi lake lilibaki na watu wawili, yeye na mkewe.

Mkutano wa kijiji ukaitwa. Jirani yake, Mzee Gibson, alisimama wa kwanza: “Sanduku lichomwe, na mwenye sanduku arudi hukohuko Tunduma!”

Mzee Kibona aliwatandaza askari wake wote kwenye mkeka na kusema, “Karibuni muwashike. Anayeuma, mniambie.”

Hakuna aliyesogea, ila Bibi Enesi, mkongwe wa kijiji mwenye miaka themanini na kitu. Aliokota mpagazi mmoja, akamgeuza juani.

“Huyu ana blanketi begani kama alivyosimulia baba yangu,” alisema. “Naye alibebeshwa. Hakuna aliyewahi kumtengenezea hata picha.” Kisha akamgeukia jirani. “Wewe Gibson, kama hawa ndio wanaolima, niazime kumi. Shamba langu lote ni magugu!”

Watu walicheka hadi mwenyekiti akashindwa kufunga mkutano. Wakasogea mkekani, mmoja baada ya mwingine, wakaulizana majina ya babu zao waliobebeshwa. Jumapili iliyofuata benchi lilijaa.

Tangu mwaka huo, kila Siku ya Mashujaa, wanafunzi walikuja nyumbani kwake kuona jeshi hilo, na wapagazi ndio waliotangulia mbele. Mzee Gibson mwenyewe alimnunulia mzinga mdogo mnadani Isongole, akauleta kwapani.

Mwaka 2023 Mzee alianza kusumbuliwa na moyo. Alitibiwa Itumba na baadaye Mbeya, akaomba kurudishwa nyumbani. Alifariki Jumanne, tarehe 11 Februari 2025, alfajiri, mkono wake ukiwa mkononi mwa mkewe. Nyumba imekuwa kimya kuliko tulivyodhani nyumba inaweza kuwa.

Ukoo umekubaliana kwamba askari wasigawanywe, na chumba chao kiendelee kufunguliwa kwa kila anayetaka kuwaona. Mzee Gibson ameomba kulibeba jeneza upande wa kichwani, naye amekubaliwa.

Marehemu ameacha mjane, Ruti, watoto Angel, Jofrey na Recho, wajukuu saba, na dada yake, Tumpale.

Apumzike kwa amani katika udongo wa Mbebe, mahali walipotaka kumfukuza, na ambapo leo wote wamekuja kumsindikiza.